MREJESHO: Chaneli zilizokuwa zikiganda jioni, mchawi alikuwa ruta

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini chaneli tatu tu zinaganda kwenye king'amuzi, hasa jioni watoto wakiwa kwenye intaneti, wakati nyingine zote ziko safi.

Fundi alipanda juu ya bati, akageuzageuza dishi, akachukua elfu ishirini yake. Hali ileile. Wewe uliyesema nichomoe ruta kwanza kabla ya kuita fundi, Mungu akubariki, laiti ningekusikia mapema. Nilichomoa, picha ikatulia palepale. Nikawasha, ikaganda.

Kumbe ruta yetu ya 4G ilikaa juu ya king'amuzi, na inatumia masafa ya 1800 MHz. Waya wa dishi nao hubeba 950 hadi 2150 MHz, hivyo waya wenye kinga hafifu unayadaka. Ndiyo maana zinaumia chaneli chache tu, zile zinazoangukia hapo.

Nimehamisha ruta mita tatu hivi, chaneli moja ikapona. Kuzungushia waya foili hakukusaidia kitu zaidi ya kuchekwa na mama watoto. Ya pili ilipona nilipotupa kile kipande chembamba cha waya cha kutoka ukutani, nikaweka RG6 (aina ya waya wa dishi) yenye wavu mzito wa kinga na konekta mpya.

Ya tatu bado inaganda mojamoja. Nashuku kiungio cha darini, kimefungwa selotepu tu. Mshahara ukitoka nakibadilisha. Asanteni sana.