Wauza magari yaliyotumika, kwa nini mnaficha namba ya chesisi na rekodi za ukaguzi?

Wakuu, nimekuja na hasira na sitaipunguza. Nimechoka na wauza magari ambao ukiwaomba namba ya chesisi, yaani ile namba ya pekee ya kila gari inayotumika kutafuta rekodi zake, wanabadilika rangi kana kwamba umewaomba namba ya siri ya benki.

Nimetoka kuongea na mmoja wao. Picha safi, gari linang'aa, tangazo linasema "kilomita 78,000, halijaguswa, ukaguzi mpya". Kwenye kila picha kibati cha namba kimefunikwa. Nikamwomba chesisi na rekodi za ukaguzi wa miaka ya nyuma, siyo kile cheti kimoja kipya anachokipeperusha. Akanijibu: "Kaka, wewe unanunua gari au unanunua makaratasi?" Nikasisitiza, akasema nitume kwanza pesa ya kishika nafasi ndipo nipewe namba. Yaani nilipie haki ya kujua ninachouziwa!

Nikaenda kuliangalia, namba nikaisoma mwenyewe pale chini ya kioo cha mbele. Rekodi zikapatikana. Ukaguzi wa miaka kadhaa nyuma ulishaandika kilomita 163,000, na mkaguzi ameacha angalizo la kutu kwenye mabomba ya breki. Nilipomwonyesha, kigugumizi kidogo, kisha ngonjera: dashibodi iliharibika ikabadilishwa. Risiti ya fundi? Hana. Mbona hukuandika kwenye tangazo? Kimya. Halafu akaniambia kama silitaki nimpishe, wateja wako wengi. Hapo ndipo damu iliponichemka, kwa sababu ni kweli wako wengi, na mmoja wao atalinunua akiamini ni kilomita 78,000, atapakia watoto wake na kuingia nalo barabara kuu na mabomba yale ya breki.

Ngao yao kubwa ni hili neno "ukaguzi mpya". Cheti kipya kinasema jambo moja tu: siku ile, saa ile, gari lilitimiza masharti ya chini ya usalama. Uingereza, ambako ukaguzi ni wa kila mwaka baada ya gari kutimiza miaka 3, serikali yenyewe inaeleza kwamba jaribio hilo halipimi hali ya injini, klachi wala giaboksi. Gari linaweza kupita leo na giaboksi ikafa wiki ijayo, na cheti hakijadanganya. Kinachokwambia tabia ya gari ni mfululizo wa vyeti vyote, na huo ndio wanaoukalia.

Mfululizo unasomwa mstari kwa mstari. Anza na kilomita, zipange kwa tarehe. Gari lilikuwa likitembea 15,000 kila mwaka, halafu mwaka mmoja likatembea 600: lilikuwa limelala wapi, na kwa nini? Tarakimu ikishuka, simama hapo hapo. Ni kweli mkaguzi huweza kukosea kuandika, lakini kosa la namna hiyo hujirekebisha kwenye ukaguzi unaofuata. Kilomita zilizorudishwa nyuma kwa makusudi hazirudi tena kwenye mstari wake wa zamani. Angalia pia kipimo. Rekodi za Uingereza ziko kwa maili, na maili 88,000 ni karibu kilomita 142,000. Wapo wanaochukua tarakimu ya maili wakaipachika neno kilomita, na mnunuzi akafurahi.

Kisha nenda kwenye maangalizo, huko ndiko kuna utajiri. Mwaka wa kwanza "kutu kidogo chini ya milango". Mwaka unaofuata "kutu chini ya milango". Unaofuata gari limeanguka ukaguzi kwa kutu. Halafu ghafla hakuna neno kutu popote, na gari liko sokoni likiwa na rangi mpya na weusi mzito uliopakwa chini. Je, bati lilikatwa likachomelewa jipya, au limefunikwa tu? Au unakuta kila mwaka tairi la mbele limelika upande wa ndani. Tairi zimebadilishwa, angalizo limerudi lile lile. Hapo tatizo halijawahi kuwa tairi. Ni bushi, ni mpangilio wa magurudumu, au ni ajali iliyopindisha kitu na haikunyooshwa sawasawa, na mwenye gari amekuwa akinunua tairi badala ya kutibu ugonjwa.

Na nieleweke vizuri: sina ugomvi na gari lililowahi kuanguka ukaguzi. Gari likianguka kwa breki, likatengenezwa, risiti ikawepo, na miaka inayofuata hakuna malalamiko ya breki, mimi naliamini kuliko lile lisilo na historia kabisa. Mwenye gari wa namna hiyo ananyoosha mkono anakupa faili. Ninaowasema ni hawa wanaochana kurasa.

Kisingizio kingine kinachonikera: "nimeingiza namba kwenye tovuti ya kuhakiki, haikuleta tatizo lolote". Bosi, haikuleta CHOCHOTE, na hayo ni mambo mawili tofauti. Magari mengi duniani yana namba ya herufi na tarakimu 17, isiyo na I, O wala Q ili zisichanganywe na 1 na 0. Lakini magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba yao fupi yenye kistari katikati. Ukiichukua namba hiyo ukaiingiza kwenye mfumo uliojengwa kwa magari ya Marekani au Ulaya, utapata patupu. Patupu siyo usafi. Kwa gari la Japani unadai karatasi zake: cheti cha ukaguzi wa huko, ambao hufanyika mara ya kwanza baada ya miaka 3 na kisha kila miaka 2 kwa gari dogo binafsi, na ambacho huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Kama lilipita mnadani, kuna karatasi ya mnada pia, inayolipa gari daraja kulingana na hali yake. Daraja R au RA humaanisha gari lililowahi kutengenezwa baada ya ajali, na XX kwenye mchoro wa bodi ni kipande kilichobadilishwa. Muuzaji anajua hayo yote. Ndiyo maana karatasi "imepotea".

Wala msiniambie haiwezekani kudhibiti. Ubelgiji tangu 2006 gari lililotumika huuzwa likiwa na Car-Pass, hati inayoonyesha kilomita zilivyopanda tarehe kwa tarehe, na gereji zinawajibika kupeleka tarakimu kila zinapolishughulikia gari. Muuzaji asipoitoa, mnunuzi anaweza kudai mauzo yavunjwe. Kwa upande mwingine, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inakadiria kwamba magari zaidi ya 450,000 huuzwa huko kila mwaka kwa kilomita za uongo. Kurudisha kilomita za kidijitali ni kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye kifaa. Nani atajizuia, ikiwa hakuna anayeuliza?

Wenye tovuti za matangazo nanyi mnakula humo humo. Mnadai picha kumi, mnadai namba ya simu iliyothibitishwa, lakini chesisi mmeifanya hiari. Ifanyeni lazima. Tangazo lisilo na chesisi na kilomita za ukaguzi wa mwisho lisipande. Gari limetangazwa hadharani, na kwenye magari mengi namba yake iko wazi chini ya kioo kwa kila mpita njia, siri iko wapi?

Na wauzaji mliomo humu, jibuni kwa hoja. Nipeni sababu moja ya halali ya kumnyima mnunuzi rekodi za ukaguzi kabla hajatoa pesa.

NYONGEZA: Naona maswali yanajirudia, najibu kwa pamoja.

Kilomita zikirudishwa kwenye dashibodi, baadhi ya magari hubaki na tarakimu ya kweli kwenye kompyuta nyingine, kama ya giaboksi au ya breki. Fundi mwenye mashine nzuri anaweza kuisoma. Mlipe aje nawe, na awe fundi wako, siyo wa muuzaji.

Kama hakuna rekodi kabisa, tazama raba za pedali, usukani na kiti cha dereva. Pia tazama tarakimu nne ubavuni mwa tairi: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa kwa tairi hilo. Gari la "kilomita 30,000" lenye pedali vipara halihitaji mjadala.

Aliyeuliza kuhusu chesisi ya kwenye bodi kutofautiana na ya kwenye kadi ya gari: mkuu, usitoe hata shilingi, na usikubali stori ya kosa la uchapaji. Hilo ni suala la polisi.