Yaya yangu (ndugu yangu mkubwa) amefungwa Texas, avoka (wakili) anataka dola 4,500. Naomba ushauri juu ya kuuza lupango (kiwanja)

Kitinda_Katuba
Wakubwa, salamu. Niko Lubumbashi, komini ya Katuba. Yaya yangu yuko gerezani Texas. Si kizuizi cha uhamiaji, ni gereza la jimbo, amehukumiwa miaka minne. Kuna avoka kule anasema tukimpa dola 4,500 atamtoa kwa dhamana kabla ya Krismasi, na tukichelewa, akimaliza kifungo watamkabidhi kwa uhamiaji arudishwe Kongo. Pesa hiyo hatuna. Tuna lupango ya marehemu papa. Swali langu ni moja tu: lupango ambayo karatasi bado ziko kwa jina la marehemu, kuiuza inachukua muda gani? Mengine naomba msiniulize, usingizi wenyewe sina.

Mama_Chalwe
Pole mwanangu. Kaka yangu alifungwa hapa hapa kwetu, kwa kesi ya shaba iliyoibwa kwenye lori. Kila siku ya kutembelea nilibeba bukari na sombe, sufuria nimeifunga kwa kitenge ipate kufika na joto. Usipopeleka, ndugu yako anakodolea sahani ya mwenzake. Siku moja nilifika nimechelewa nikamkuta anauza viatu vyake apate kula. Sasa huko Texas wanawapa chakula bure, au na huko familia ndiyo inapeleka?

Mwana_UNILU
Ngoja tulitazame hili kisheria. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mambo ya ubalozi, kifungu cha 36, unampa kila mgeni aliyekamatwa haki ya kuambiwa bila kuchelewa kwamba anaweza kuwasiliana na ubalozi wake. Je, yaya wako aliambiwa? Meksiko iliishtaki Marekani kwa jambo hilo hilo kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kesi ya Avena, ikashinda mwaka 2004. Lakini mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hukumu ile hailazimishi mahakama za Texas, na José Medellín, mmoja wa Wameksiko waliokuwa kwenye kesi, akanyongwa...

Kibs_Bukavu
Mkubwa, mtoto kauliza juu ya lupango, wewe unamnyongea yaya wake!

Mwana_UNILU
Sahihisho: Texas hawanyongi, wanatumia sindano. Agosti 2008.

Kibs_Bukavu
Ahsante, sasa atalala vizuri 😂
Ila ninachojua mimi ni hiki. Wale Wamarekani watatu wa jaribio la mapinduzi ya Mei 2024 pale Kinshasa walihukumiwa kifo. Aprili 2025 adhabu ikabadilishwa, ndege ikaja, wakaenda kwao. Wa kwetu akifungwa kwao anatafutiwa lupango ya kuuza.

Shemeji_wa_Dallas
Kitinda, mimi niko Texas miaka mingi. Usiuze chochote leo. Dhamana ni ya mtu anayesubiri kesi. Akishahukumiwa na kupelekwa gereza la jimbo, dhamana inabaki kwa aliyekata rufaa, na hiyo anaipanga jaji, haipangwi na avoka kwa simu. Njia ya kawaida ya kutoka mapema ni parole, inaamuliwa na bodi ya jimbo, na kufikiriwa na bodi hakulipiwi. Sasa nipe vitu vitatu: kosa, namba ya mfungwa, na namba ya leseni ya huyo avoka. Mawakili wa Texas wote wako kwenye orodha ya chama chao, mtu yeyote anaitazama kwenye intaneti bila kulipa.

Kitinda_Katuba
Kosa ni mambo ya gari. Avoka ni mtu mzuri, anatuandikia kila siku, hata mama anamuombea. Mimi nauliza juu ya lupango.

Shemeji_wa_Dallas
Mambo ya gari ni mengi. Aliiba gari, aligonga mtu, au aliuza?

Kitinda_Katuba
Aligonga mtu. Alikuwa amekunywa. Mtu hakufa, aliumia mguu na mgongo.

Pasta_Ruashi
Mithali 20:1, divai hudhihaki, kileo huleta ugomvi. Vijana wetu wakivuka bahari wanaliacha kanisa bandarini. Mwambie atubu kwanza, avoka baadaye.

Kibs_Bukavu
Pasta, alipanda ndege, bandari ya wapi?

Shemeji_wa_Dallas
Basi hapo kuna nafuu kidogo. Mwaka 2004, kesi ya Leocal, Mahakama ya Juu ilikataa kuihesabu ajali ya ulevi iliyoumiza watu kuwa uhalifu wa kutumia nguvu, ule unaomfukuzisha mgeni moja kwa moja. Kwa hiyo kufukuzwa si lazima, inategemea karatasi zake. Aliingiaje? Mkimbizi? Ana kadi ya kijani? Na kwa nini mpaka sasa hujataja jina wala namba? Jina la ukoo na herufi ya kwanza ya jina lake vinatosha kumpata kwenye tovuti ya magereza ya jimbo.

*(kimya mpaka kesho yake asubuhi)*

Kitinda_Katuba
Jina lake halitaonekana.
Yaya alivuka Kasumbalesa kwenda Zambia, akaishi Meheba, ile kambi ya wakimbizi upande wa Solwezi. Kuna familia ilikuwa na dosie (faili) ya kwenda Marekani na kijana wao alikuwa amefariki. Yaya akaingia kwenye nafasi yake. Jina, tarehe ya kuzaliwa, vyote vya marehemu. Familia ile ilikubali, hakuiba. Ndiyo maana hatuwezi kwenda ubalozini, na ndiyo maana avoka huyu ni wa maana, ameyajua yote na hajatusema. Msinihukumu. Nyinyi hamkuwa pale.

Pasta_Ruashi
Yakobo naye alivaa ngozi ya mbuzi akajiita Esau.

Kibs_Bukavu
Na baraka alipata, Pasta. Soma mpaka mwisho.

Shemeji_wa_Dallas
Hili ndilo ulipaswa kulisema mwanzo. Ajali ya gari ingeweza kupona. Kuingia kama mkimbizi kwa jina la mtu mwingine ni kosa jingine kabisa, na likifunguka linafuta hadhi yake yote. Ubalozini msiandike kitu kwanza. Hapa mnahitaji wakili wa uhamiaji mwenye leseni, asiye huyu, na mazungumzo yake na mteja ni siri kisheria. Na jambo hili yaya asilizungumze kwenye simu za gerezani, zinarekodiwa. Wewe uliongea naye lini?

Kitinda_Katuba
Juzi usiku, WhatsApp.

Nyakato_Dar
Hapo hapo! Mfungwa wa gereza la Texas ana WhatsApp? Mimi uzi huu niliuona kitambo, ile mara ilikuwa shangazi na gereza lilikuwa Florida. Mwanzo machozi, katikati kambi ya wakimbizi, mwisho namba ya kutumia hela. Jamani fungueni macho. Huyu ni msanii.

Mama_Chalwe
Na mimi nimeshamlilia 🙆🏾‍♀️

Kitinda_Katuba
Dada Nyakato, nimeomba mtu hata shilingi moja? Onyesha wapi. Nimeuliza juu ya lupango tangu mwanzo, mnaniuliza yaya.
Na sikusema alinipigia yeye mwenyewe. Ni ujumbe wa sauti, avoka ndiye anatutumia. Yaya hana simu. Avoka anaenda kumuona halafu anatuambia alivyosema.

Nyakato_Dar
Kwa hiyo sauti ni ya nani?

Kitinda_Katuba
Ya avoka.

Fundi_Kenya_Lshi
Ule haina avoka, eko mwizi tu. Wa kwetu njo banafanya vile vile na batu ya Canada.

Nyakato_Dar
Basi naomba radhi nusu. Msanii yupo, ila si wewe.

Shemeji_wa_Dallas
Sauti ya yaya mwenyewe mmeisikia lini mara ya mwisho? Na ya hukumu mliambiwa na nani?

Kitinda_Katuba
Toka akamatwe hatujamsikia. Ya hukumu aliyetuambia ni avoka. Lakini anajua jina la kule na la huku, anajua mpaka jina la nyumbani la mama. Mtu wa kudanganya angejuaje? Na mnunuzi ameshatoa nusu, niliitumia nusu hiyo wiki iliyopita. Nikisimama sasa, ile ya kwanza inapotea bure. Lazima nimalizie.

Kibs_Bukavu
Anayejua jina la nyumbani la mama ni mtu aliyekaa na yaya wako. Huyo mtafute Meheba kabla ya kumtafuta Texas.

Mwana_UNILU
Sasa nijibu lile swali la lupango, maana hakuna aliyelijibu. Kwa Sheria ya Familia ya 1987 watoto wote wa marehemu ni warithi wa kundi la kwanza, na mama yenu ana haki ya kuendelea kukaa ndani ya nyumba. Huwezi kuuza peke yako. Yaya wako naye ni mrithi, kwa jina lake la huku. Saini yake uliipata wapi?

Kitinda_Katuba
Nilisaini mimi. Yeye angekubali tu.

Mwana_UNILU
Basi mnunuzi akienda mahakamani ana kesi, na wewe unayo. Mrudi kwake, na mama awepo, kabla hajaanza kujenga.

Shemeji_wa_Dallas
Nitumie jina la kule, faraghani, usiliweke hapa.

...

Nimetazama. Kwenye orodha ya magereza ya jimbo hayupo. Hiyo haina maana yuko huru: jela za kaunti zina orodha zao, na huko ndiko wanakokaa wanaosubiri kesi. Kama yuko huko, dhamana inaweza kuwepo kweli, lakini inalipwa kwa kaunti na risiti inatoka. Alikuwa anaishi mji gani?

Kitinda_Katuba
Houston. Au karibu na Houston. Mama anasema aliwahi kutaja Pasadena.

Shemeji_wa_Dallas
Basi ni kaunti ya Harris. Nikitoka zamu natazama. Wewe mwambie avoka akupe namba ya leseni, na usitume hata dola.

Kitinda_Katuba
Nimemwambia. Amesema swali hilo limemuumiza sana, na kwamba bei sasa ni 5,000.

Fundi_Kenya_Lshi
Kitinda, ile lupango iko na mita ngapi? Na maji ya bomba inafika?

Mama_Chalwe
Fundi, huna haya!