Naomba ushauri: kubeba petroli kwenye jangwa la Baja

Wakuu habari zenu, nipo San Diego na mwezi wa 11 tunashuka watano na pikipiki Baja California, Mexico, lami kidogo vumbi kwa wingi. Kinachoninyima usingizi ni kipande cha El Rosario mpaka Guerrero Negro, zaidi ya kilomita 300 hamna sheli ya uhakika, ni mawe na dungusi kakati tu, pale Cataviña kuna watu wanauza petroli ya madumu pembeni ya barabara ila siwezi kuitegemea hiyo peke yake. Wenzangu wana pikipiki za KLR650, tenki lita 23, hawana presha. Mimi nina CRF300L, lita 7.8, na nikipima inanipa kilomita kama 28 kwa lita.

Wiki iliyopita nilijaribu kufunga dumu la lita 5 kwenye keria kwa mpira, njia ya makorongo ikalisogeza, mfuniko ukalegea, petroli ikalowesha begi la kulalia lote na harufu haijatoka mpaka leo.

Sasa naomba kujua, bora mfuko laini wa petroli ubavuni au ninunue tenki kubwa kabisa? Na kwenye mchanga nikiwa na mzigo mnapunguza upepo wa tairi mpaka ngapi? Nisingependa wenzangu wakwame kwa ajili yangu.