Black Panther ya kwanza ama Wakanda Forever: tuonyeshe gani Jumamosi pale maskani?

KijanaWaMajengo
Asalaam aleikum wana mtaa, na wengine mambo vipi. Kuna jambo limeleta mvutano tangu jana. Jumamosi baada ya Isha twataka kuweka projekta pale maskani, ukuta tushaupaka chokaa, watu waje bure, kina mama na watoto pia. Sasa kura zimegawanyika, nusu wataka Black Panther ya 2018, nusu wataka ile ya pili ya 2022. Ya kwanza ni dakika 134, ya pili dakika 161, kwa hivyo tukianza saa mbili na nusu ya pili itatupeleka mpaka saa tano na kitu na watoto watalala hapo hapo mkekani. Haya semeni, lakini mtu atoe sababu, si "ya kwanza moto" halafu apotee.

KisauniDamu
Ya kwanza moto 😂
Haya sababu. Stelingi ni Chadwick Boseman, ya pili haina stelingi, yaani mpaka mtu avae ile suti ya chui filamu iko ukingoni kuisha na wewe ushakunywa chai yote. Halafu Killmonger. Adui mwenye hoja, mpaka leo nabishana na jamaa zangu kama alikosea ama alikosea njia tu. Na pesa haidanganyi, ya kwanza iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, ya pili haikufika hata milioni 900. Watu wamesema kwa mifuko yao bana.

mpenda_popo
Mwabishania paka hapa na muendelezo bora duniani ni The Dark Knight ya 2008. Jumamosi wekeni hiyo mtanishukuru.

KijanaWaMajengo
@mpenda_popo hiyo haiko kwa kura, toka 😂

BiZuu_Tudor
KisauniDamu wewe wataka stelingi na stelingi alikufa kweli, si kwa filamu. Agosti 2020, saratani ya utumbo, miaka 43, na miaka yote ile alikuwa akifanya kazi na ugonjwa wake hausemi. Ryan Coogler, muongozaji, ilibidi aiandike hadithi upya. Kuna wale walianzisha kampeni mtandaoni ati T'Challa, yule mfalme aliyeigizwa na Boseman, apewe mtu mwengine aendeleze, mimi siwaelewi kabisa, kwani maiti hajapoa mwatafuta wa kuvaa kanzu yake?

Ya pili ni filamu ya matanga, na ndio maana nasema ionyeshwe. Yaanza Shuri, dadake T'Challa, yuko maabara anahangaika na dawa ya kumponya kakake, mama aingia, amwambia basi, kakako ashakwenda. Halafu mazishi, watu wote nyeupe tupu, wanacheza na kuimba. Baadaye yaja ile nembo ya Marvel na picha za marehemu, bila muziki, bila chochote. Nilikuwa sinema huko Nyali na wallahi hata bisi hukusikia zikitafunwa, na mwajua watu wa Mombasa tukiwa sinema tulivyo na maneno.

Mwaka wapita, Ramonda, yule mama malkia, ampeleka bintiye kando ya maji wachome nguo za msiba, yaani kuvunja tanga kabisa, na mtoto akataa. Asema akikaa akamfikiria kakake hataishia kuchoma nguo, ataichoma dunia nzima. Nyinyi hamna mtu nyumbani arobaini ishapita na hataki hata chumba kifunguliwe? Mimi ninaye. Angela Bassett kwa kazi hiyo akateuliwa Oscar, muigizaji wa kwanza wa filamu ya Marvel kufika hapo. Hakupewa, lakini hilo tuliache nisije nikatukana.

NahodhaLikoni
Mimi ntasema la maji tu, mengine nawaachia. Watu wengi walilalamika ati Talokan, ule mji wa chini ya bahari, ni giza giza hauonekani vizuri. Sasa chini ya bahari mwataka kuwe na taa za barabarani? Napeleka wageni kupiga mbizi nje ya mwamba, ukishuka kidogo tu rangi nyekundu ndo ya kwanza kupotea, mtu avaa nguo nyekundu juu, chini waiona kijivu kijivu. Wale waliotengeneza wameliheshimu hilo, huoni nyekundu ikiwaka mle mpaka karibu na taa. Ile ingine ya samaki samaki yenye rangi zote mimi huzima.

Halafu yule Namor, mfalme wa Talokan, aliyemuigiza ni Tenoch Huerta, kabla ya kazi hii hakuwa anajua kuogelea, akajifunza ukubwani. Mpeni heshima. Ila kumshinda kule, mzee mzima afungiwa ndani ya chombo, aanikwa kwa joto mpaka maji yamuishe mwilini kama ng'onda, hapo nilicheka mpaka mke wangu akaniuliza kuna nini.

KisauniDamu
Nahodha umesifu giza 😂😂 projekta yetu ya kukopa ile, ukutani, na taa ya duka la jirani inawaka kando, giza la Talokan litaonekana giza tu. Hiyo nayo ni sababu ya kuweka ya kwanza, ina jua.

MzeeWaBarazani
Wanangu mie hizi filamu za watu wa kuruka si zangu, wajukuu ndio huniwekea. Lakini hino ya pili niliitazama mpaka mwisho na ntawaambia kwa nini.

Mamake Namor ni mtu wa Yucatan, mwaka 1571, Wahispania washaingia, ndui yaua watu, wao watumia mmea fulani waingia baharini ndio kupona kwao. Mama afariki, kijana amrudisha nchi kavu amzike alikozaliwa, akuta watu wa kabila lake wanachapwa viboko kwenye shamba la Mhispania. Achoma kila kitu. Nikasimamisha filamu nikawaambia wajukuu, hii mbona tunayo sisi?

Yusuf bin Hasan. Babake alikuwa sultani wa Mombasa, akauawa kwa njama za Wareno, mtoto akachukuliwa akapelekwa Goa huko India, akasomeshwa, akabatizwa, akarudishwa hapa awe mfalme wa kuwatii. Mwaka 1631 akaingia Fort Jesus na watu wake, akamuua kapteni, ngome ikawa yake. Mwaka uliofuata akaiacha Mombasa akaingia baharini na meli akawa haramia. Mwapita pale ngomeni kila siku mwaenda kununua viazi karai na hakuna anayemtaja. Wajukuu wangu walikuwa wamjua Namor, Yusuf hawamjui.

Ya kwanza nzuri, siikatai, lakini Wakanda ya filamu ni nchi ambayo haikuguswa na wakoloni. Mimi sikukulia nchi ambayo haikuguswa.

BiZuu_Tudor
Mzee 🙌🏾 na hapo kwa vitabu vya Marvel vya zamani Namor yuko tangu 1939 na kwao ni Atlantis, hawa ndio wamembadilisha wakampa Wamaya. Wangemwacha wa Atlantis saa hizi hatungekuwa tunaongea haya.

KisauniDamu
Mzee nimekusikia, nimekaa kimya dakika mbili. Lakini bahari iko hata kwa ya kwanza, mwaisahau. Killmonger yuko na jambia kifuani, T'Challa amwambia huenda bado twaweza kukuponya, yeye akataa, ataka azikwe baharini na wale mababu walioruka kutoka melini kwa kukataa kufungwa minyororo. Sisi tuko kwenye ufuo ambao watumwa walipakiwa majahazini, kwa hivyo msiniambie ya pili peke yake ndo yetu. Zuu, Mzee, nitajieni mahali kwa ya pili penye uzito huo.

BiZuu_Tudor
Ramonda kwenye kiti cha enzi akimvua Okoye ujenerali. Basi.

KisauniDamu
Hmm. Hapo utapewa nusu maksi.

MamaWatatu_Bamburi
Nyote mwaongea falsafa na hakuna aliyefikiria watoto. Ya pili mwanzo mwanzo kuna wale watu wa baharini waimba usiku, na mabaharia melini wasikia wimbo watoka mbio wajitupa majini mmoja mmoja wakiwa wamepumbazwa. Wangu wa miaka saba nyanyake ashamjaza hadithi za majini ya baharini, akiona hiyo tutalala naye mwezi mzima, na choo kwetu ni cha nje. Ya kwanza ina ucheki, kuna Shuri na utani wake, kuna M'Baku asema atawapa watoto wake mtu wamle halafu asema wao hawali nyama. Watoto watacheka.

Na Lupita yuko zote mbili kwa hivyo hilo halitusaidii. Ingawa kwa ya pili ndiye aliyetumwa kwenda kumtafuta Shuri huko Mexico na Mexico ndiko alikozaliwa, hapo nilitabasamu mwenyewe.

FundiSpika
Nimesoma zote. La kwangu ni la mitambo. Kwa ya pili kuna sehemu nyingi waongea Kimaya na Kixhosa na maandishi ya Kiingereza chini, bibi zetu hawatasoma, vijana wa nyuma hawataona. Kuna mtu alinipigia akasema tumlete DJ atafsiri juu kwa juu na maiki, ile ya kibanda cha video. Kwa ya kwanza sawa, vile vita vya mwisho kwenye reli za chini ya mgodi picha ni mbovu kwanza, DJ ataziokoa. Lakini ya pili ukimpa DJ maiki, ile nembo ya kimya anayosema Zuu atakaa kimya? DJ hawezi. Atasema "haya wapenzi watazamaji" na msiba wote umeisha hapo.

Mimi nasema mkiweka ya pili, mtu mmoja akae na kina bibi awanong'oneze. Zuu kwa mfano.

BiZuu_Tudor
Nitalia badala ya kutafsiri. Mpeni Mzee.

MzeeWaBarazani
Mie ntasimulia, ila ikifika Yucatan mtanivumilia ntachanganya na Fort Jesus.

KijanaWaMajengo
Haya nimeamua na mwenye projekta ndiye mimi. Jumamosi twaweka filamu ya pili, saa mbili na nusu kamili, bila DJ, Mzee kwenye mkeka wa mbele na kina bibi. Mama Watatu, watoto tuwafanyie ya kwanza Jumapili, giza likiingia tu, wakalale mapema. Taa ya duka nishaongea na mwenyewe, atazima akiuziwa soda zake. KisauniDamu utakuja ama utanuna?

KisauniDamu
Nakuja zote mbili. Na mto.

mpenda_popo
Na Dark Knight lini?

FundiSpika
Nani ana waya mrefu wa stima, mita 30 hivi? Wangu umeliwa na panya na kutoka kwa soketi mpaka ule ukuta ni mbali. Aniandikie kabla ya Ijumaa.