Medali ya kupokezana ni medali kamili?

Mkazi wa Area C: Mbukwa wakuu. Jana kijiweni mwenzetu kashikilia kwamba muogeleaji mwenye medali za kupokezana tu, zile mbio za wanne kwa zamu, kabebwa na wenzake. Nikamtajia Jason Lezak, muogeleaji wa Marekani. Olimpiki ya Beijing 2008, mita 100 mara nne, mtindo huru. Kaingia majini wa mwisho, Alain Bernard wa Ufaransa katangulia, wakagusa ukuta Marekani ikiwa mbele kwa sekunde 0.08! Mwenyewe kaogelea mita zake 100 kwa sekunde 46.06. Hapo kabebwa na nani?

Kipenga: Hiyo 46.06 haiwi rekodi, mkuu. Wa kupokezana hangoji mlio wa kuanza, anajirusha mwenzake akigusa ukuta. Na yule aliyeogelea mchujo tu, raundi ya kutafuta nafasi ya fainali? Fainali anakaa jukwaani, medali anapewa.

Mkazi wa Area C: Bila mchujo hiyo fainali unafikaje?

Msafiri88: Mnagombania mambo ya Wamarekani. Mgogo na maji wapi na wapi? Ongeleeni ng'ombe.

Binti Hombolo: Kaka Msafiri, hapo umenikosea. Nimekulia Hombolo, hapahapa Dodoma, bwawa lipo tangu mkoloni. Mjomba wangu hujitosa na kamba ya nyavu meno yamebana, anarudi anapiga mkono mmoja, mwingine umeshika perege. Hakufundishwa na mtu.

Msafiri88: Lile bwawa limejaa tope, dada. Hata mbuzi anavuka.

Binti Hombolo: Njoo masika uvuke wewe.

Kipenga: Tope ni kweli, tusifiche. Ila kumtukania mtu kabila lake si mjadala.

Mama Nkuhungu: Mimi nauliza wanaotaka Dodoma ijengewe bwawa la kuogelea la mita 50. Upana 25, kina mita 2, hizo ni lita milioni 2.5. Kwangu maji ni ya mgao, juzi nimeamka saa tisa usiku kukinga ndoo.

Mkazi wa Area C: Pole mama. Lakini nani kataja kujenga? Tena maji ya bwawa huchujwa yakazunguka, hayamwagwi kila siku.

Mama Nkuhungu: Ya kwanza yanatoka wapi?

Kipenga: Afrika Kusini walichukua dhahabu ya mbio hizohizo za kupokezana Athens 2004, dakika 3:13.17, rekodi ya dunia. Waafrika wenzetu.

Msafiri88: Wana bahari.

Binti Hombolo: Kwani Athens waliogelea baharini? Na bado hujaniomba radhi.