Kinjikitile alitukosea nini? Hata Selous alipovuliwa jina, hakupewa yeye

Wakuu, nimekaa na hili tangu Jumamosi, bora niliteme.

Jumamosi nilikuwa Posta na mpwa wangu wa darasa la tano, kaja Dar mara ya kwanza kutoka Kipatimu, Kilwa. Tukafika pale Samora kwenye Sanamu ya Askari. Mtoto akasimama, akaizunguka. Bunduki mkononi, singe imeelekezwa bandarini. Akaniuliza, "Mjomba, huyu ndiye Kinjikitile?"

Kinjikitile ndiye yule mzee wa Kimatumbi aliyewasha vita ya Majimaji dhidi ya Mjerumani, na kwao jina hilo wanalala nalo na kuamka nalo. Nikamwambia hapana, huyu ni askari wa vita vya Waingereza na Wajerumani. "Sasa Kinjikitile yuko wapi?" Nikakosa jibu. Dereva wa bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria akacheka, akasema, "Huyo hayupo mjini, dogo."

Kacheka yeye, mimi imeniuma mpaka leo.

Maana angalia historia ya pale pale mahali tuliposimama. Enzi ya Mjerumani palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wao, na chini yake wamemchonga askari wa Kiafrika anamtazama bwana mkubwa juu. Mwingereza alipoingia 1916 akaing'oa. Ikaishia Hamburg, na huko nako wanafunzi wakaiangusha miaka ya 1960. Mwaka 1927 Mwingereza akasimamisha huyu askari wa shaba tunayepigia picha za harusi. Sisemi ang'olewe. Wale askari na wapagazi ni babu zetu, walibebeshwa mizigo mpaka wakafa njiani kwa njaa na kuhara. Abaki. Lakini Mjerumani alimweka wake, Mwingereza akamweka wake, sisi tumejitawala tangu 1961 na aliyenyongwa kwa kumpinga Mjerumani hana hata kibao katikati ya jiji hili. Kama kipo, mimi sijakiona, na Posta naifahamu kama kiganja changu.

Haya, tuje kwenye lililonichoma zaidi.

Pori la Selous. Miaka na miaka tumeita ardhi yetu kwa jina la mwindaji wa Kiingereza aliyepigwa risasi na Wajerumani Beho Beho, Januari 1917, na kaburi lake lipo humo humo, watalii wanapelekwa kuliona. Mwaka 2019 serikali ikamega sehemu kubwa ya pori hilo, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, yaani eneo linaloizidi Rwanda nzima, ikalifanya hifadhi ya taifa. Nikasema alhamdulillah, leo zamu ya mzee wetu. Ngarambe, alikokuwa Kinjikitile akigawa maji ya dawa ya kuzuia risasi, iko jirani na pori hilo. Mto ni ule ule Rufiji. Nani mwingine angestahili kuliko yeye?

Ikaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Na bwawa lililo humo ndani, lile la megawati 2,115, nalo ni Julius Nyerere. Korongo lile kabla ya hapo lilikuwa na jina la Stiegler, Mzungu aliyeuawa na tembo. Kwa hiyo Mzungu mwindaji kapata, Mzungu wa tembo kapata, Mwalimu kapata mara mbili, mwenye nyumba kapitwa.

Kabla hamjanirukia: sina ugomvi na Mwalimu. Nampenda kuliko wengi wenu mnaomtaja Oktoba tu. Lakini uwanja wa ndege ni wake, barabara ya kwenda huko uwanjani ni yake, daraja la Kigamboni ni lake, chuo cha Kivukoni ni chake, na Februari 2024 kasimamishiwa sanamu Addis Ababa, ambayo nusu ya nchi ililalamika haifanani naye. Mtu aliyejaa hivyo unamuongezea hifadhi ya nini? Mwalimu mwenyewe alipokwenda kuzungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1956 aliwaeleza kuhusu Majimaji. Alijua TANU haikuanzia hewani. Sisi ndio tunajifanya uhuru ulianza 7 Julai 1954 saa fulani asubuhi.

Na siku hizi mambo yamekuwa mepesi zaidi, majina yanakwenda kwa marais. SGR, ile reli mpya ya umeme, imezinduliwa 2024, stesheni ya Dar ni Magufuli, ya Dodoma ni Samia. Reli yote hiyo!

Utasikia mtu anasema, "Ukiwapa Wamatumbi, kesho Wahehe nao watataka." Wahehe wanataka nini? Fuvu la Mkwawa lilirudishwa 1954, lina makumbusho Kalenga, na chuo kikuu kishiriki kina jina lake. Wangoni wana makumbusho ya Majimaji Songea, na Novemba 2023 Rais wa Ujerumani alikwenda pale kuomba msamaha. Safi kabisa, hakuna aliyesema ukabila. Lakini vita haikuanzia Songea. Ilianzia Nandete, Julai 1905, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Tarehe 4 Agosti mwaka huo huo Kinjikitile akanyongwa Mohoro, na vita ikaendelea bila yeye mpaka 1907, ikazoa makabila yasiyopungua ishirini. Huo ni ukabila wa wapi?

Mwingine atakuja na ile ya "alidanganya watu, maji hayakuzuia risasi." Kaka, leo hii timu za mpira zinakataa kupita mlango wa uwanja zinaruka ukuta, halafu unamcheka mzee wa 1905? Yale maji yaliwafanya Mmatumbi, Mngindo na Mpogoro wasimame upande mmoja. Wewe na kifurushi chako cha intaneti umeunganisha nani?

Mwaka juzi niliandika barua kwenye ofisi moja ya umma, siitaji, kuomba angalau mtaa. Nilizungushwa miezi minne. Mwishowe dada wa masjala akanirudishia barua yangu, juu yake mtu kaandika kwa kalamu nyekundu: "Mwombaji athibitishe uhusiano na marehemu."

Uhusiano na marehemu! Kama nadai mirathi.

Mpwa wangu anarudi Kipatimu Alhamisi. Kanunuliwa viatu na begi, kapanda pantoni, kala aiskrimu, kafurahi. Jana usiku alikuwa anachora kwenye daftari. Kachora ile sanamu ya Posta, kila kitu mahali pake, isipokuwa bunduki kaifuta, kaweka kibuyu.