Hali ya familia na matokeo ya wanafunzi wa shule za kata: nipime nini hasa?

Mwanachuo_Kusini aliuliza:

Nawasalimu walimu na wadau wote wa elimu. Ninasoma shahada ya ualimu, mwaka wa tatu, na ninaandaa pendekezo la utafiti kuhusu namna hali ya familia inavyoathiri matokeo ya wanafunzi wa sekondari katika shule mbili za kata zilizopo kwenye uwanda wa juu wa Makonde, huko Newala, mkoani Mtwara. Msimamizi wangu ameirudisha rasimu ya dodoso akiwa ameandika pembeni kwamba maswali yangu yangeweza kuulizwa popote duniani, na kwa sababu hiyo hayataniambia lolote kuhusu Newala.

Dodoso lenyewe linauliza kiwango cha elimu cha baba na cha mama, kazi ya baba, kipato cha kaya kwa mwezi, idadi ya watoto, na kama mwanafunzi anaishi na wazazi wote wawili au na mzazi mmoja. Vipengele hivyo nimevikuta katika tasnifu zilizotangulia, ambazo karibu zote huhitimisha kwamba umaskini na elimu ndogo ya wazazi hushusha ufaulu, kisha hupendekeza wazazi wahamasishwe. Silipingi hitimisho hilo, lakini halielezi jambo nililoliona nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha: watoto wawili wa wakulima wa korosho, ambao mashamba yao yanakaribiana kwa ukubwa na wazazi wao wote waliishia darasa la saba, mmoja anafanya vizuri mwaka hadi mwaka na mwingine anaelekea kwenye sifuri. Ada nayo iliondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, kwa hiyo hatuwezi tena kusema kwamba tofauti yao inatokana na ada.

Naomba kuuliza, basi: ni kitu gani ndani ya familia kinachofika hasa hadi kwenye karatasi ya mtihani, na nikiulizeje ili nipate jibu la kweli?

Mwalimu_wa_Hisabati alijibu:

Ndugu Mwanachuo, mimi ni mwalimu wa shule ya kata katika mkoa huohuo, na ningekushauri uanze na muda wa mwanafunzi kabla ya kufika kwenye mali ya baba yake. Kila hali ya nyumbani unayoitaja, iwe umaskini, wingi wa watoto au ugonjwa wa bibi, humfikia mwanafunzi kwa njia ya saa alizopokonywa, na saa hizo zinaweza kuhesabiwa.

Chukua umbali. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulileta sekondari karibu na kila kata, na ni kweli kwamba bila mpango huo wengi wa wanafunzi hawa wasingevuka darasa la saba. Hata hivyo kata ni kubwa, na mtoto anayetoka kijiji cha mwisho hutembea asubuhi na jioni, au familia humpangia chumba karibu na shule, kile ambacho wanafunzi wenyewe hukiita geto, akajipikie na kujisimamia akiwa na umri wa miaka kumi na mitano. Wanafunzi wa geto na wale wanaotembea kutoka mbali wanaweza kuwa na wazazi wa kipato kilekile, lakini matatizo yao hayafanani hata kidogo, na dodoso lako halitawatenganisha.

Chukua maji. Unajua vizuri kwamba uwanda wa juu wa Makonde hauna maji ya karibu, na kiangazi kinapokaza, kazi ya kuyatafuta huwaangukia wasichana zaidi. Anayefika darasani akiwa ameamka usiku kufuata maji atasinzia kipindi cha nne, na mwalimu asiyejua atamwandika mvivu. Kaka yake wa tumbo moja, aliyelala hadi alfajiri katika nyumba hiyohiyo, anaingia kwenye takwimu zako akiwa na familia ileile kabisa. Kwa maoni yangu, mtafiti asiyewauliza wasichana na wavulana maswali ya kazi za nyumbani kila kundi peke yake hajapima hali ya familia, maana familia moja huwa na hali mbili.

Kisha kuna korosho. Kuokota kunaanza kuchanganya Oktoba na kuendelea hadi Desemba, na mtihani wa kidato cha nne huwa Novemba. Familia yenye watu wazima wa kutosha, au yenye fedha ya kulipa vibarua, humwacha mtahiniwa asome, ilhali familia isiyo navyo humhitaji shambani wiki zilezile ambazo sisi tunafanya marudio. Utoro wa Oktoba ningeuangalia kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

La mwisho ni lugha, ambalo watafiti wengi hulipita haraka. Mtoto wa huku amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na nyumbani mara nyingi wanazungumza Kimakonde, kisha kidato cha kwanza anakutana na baiolojia na jiografia kwa Kiingereza. Elimu ya wazazi huanza kuonekana hapo, kwa sababu mzazi aliyefika sekondari anaweza kufungua daftari na kueleza swali linataka nini, na mwingine anaweza tu kuuliza kama kazi imefanyika. Katika somo langu pengo hilo ni dogo kidogo, isipokuwa kwenye maswali ya maelezo. Ukilinganisha alama za hisabati na za historia kwa wanafunzi walewale, huenda ukaona kitu ambacho wastani wa jumla unakificha.

Takwimu_Kidogo alijibu:

Naongeza upande wa mbinu, kwa kuwa mwalimu amelieleza vizuri lile la maisha.

Mjadala huu una historia ndefu, na sehemu yake muhimu ilifanyika jirani na sisi. Nchini Marekani, mwaka 1966, ripoti iliyoongozwa na James Coleman, iliyokusanya taarifa za wanafunzi zaidi ya laki tano, ilionyesha kwamba tofauti za ufaulu zilifungamana na familia kuliko zilivyofungamana na majengo, vitabu na vifaa vya shule. Wengi waliichukua kama kanuni ya dunia nzima. Miaka kumi baadaye, mwaka 1976, Stephen Heyneman alichapisha matokeo ya uchunguzi wa shule za msingi za Uganda, na picha ikawa tofauti: hali ya kiuchumi ya familia ilihusiana kidogo sana na alama za mtihani, na mambo ya shule yenyewe yalikuwa na uzito zaidi. Mwaka 1983, akiwa na William Loxley, alilinganisha nchi 29 na kukuta mwelekeo huo katika nchi maskini kwa jumla. Mwaka 2002 David Baker na wenzake walirudia ulinganisho kama huo kwa data za miaka ya 1990 wakakuta tofauti hiyo kati ya nchi tajiri na maskini imefifia kwa sehemu kubwa. Huhitaji kuchagua upande, lakini huwezi kuandika sura ya pili ya tasnifu kuhusu Afrika Mashariki ukamtaja Coleman peke yake, kama wengi wanavyofanya.

Sasa hatari yako wewe. Familia zenye uwezo, hata huko Newala, huwapeleka watoto kwenye shule binafsi, seminari au kwa ndugu mjini, na baadhi ya waliofaulu sana darasa la saba huchaguliwa kwenda shule za bweni za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha au Kilakala. Wanaobaki katika shule zako mbili wanafanana mno kiuchumi. Ukitafuta uwiano kati ya kipato na alama katika kundi linalofanana kiasi hicho, utapata uwiano hafifu, nawe utashawishika kuandika kwamba kipato hakina athari, ilhali athari yake kubwa ilikwishafanya kazi kabla hujaingia getini. Vivyo hivyo kwa walioacha shule. Aliyeondoka kidato cha pili kwenda kuendesha bodaboda hayumo katika orodha ya watahiniwa wa kidato cha nne, na pengine yeye ndiye aliyebeba jibu la swali lako. Anza na orodha ya walioandikishwa kidato cha kwanza, ufuatilie kila jina hadi mwisho wake.

Tafuta pia matokeo yao ya darasa la saba. Bila hayo hutajua kama familia inamshusha mwanafunzi sasa, akiwa sekondari, au alikwishaachwa nyuma tangu alipokuwa hajui kusoma darasa la tatu.

Mjomba_wa_Newala alijibu:

Mpwa wangu, walimu wamesema ya kwao, na mimi sina shahada, lakini nimelea wanafunzi na nimeona pale dodoso lako linapokwama. Msimamizi wako ana haki.

Kwanza, hilo swali la kazi ya baba. Kwa desturi yetu Wamakonde, na kwa majirani zetu Wamwera na Wayao pia, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Mambo yamebadilika na wapo akina baba wengi wanaobeba mzigo wote, lakini bado utakuta mtoto analala kwa bibi, sare amenunuliwa na mjomba aliyepo Mtwara mjini, na anayeitwa shuleni akikosea ni mama mkubwa. Mtoto huyo utamwandika "mzazi mmoja" na kumweka katika kapu la wenye matatizo, wakati ana watu wazima wanne wanaomfuatilia. Mwenzake mwenye baba na mama ndani ya nyumba moja anaweza kuwa hana hata mmoja anayejua yuko kidato cha ngapi. Uliza hivi: ukirudishwa nyumbani kwa kukosa daftari leo, unakwenda kwa nani? Ukifeli, nani anakasirika? Majina watakayotaja ndiyo familia yao.

Pili, kipato kwa mwezi. Sisi mwezi hatuujui. Fedha ya korosho huja baada ya mnada, kupitia chama cha msingi, na mwaka mzima uliobaki ni kukopa na kubangaiza. Msimu wa 2018/2019 serikali ilitangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei nzuri, lakini malipo yalichelewa kwa wakulima wengi, na Januari ya mwaka 2019 walikuwapo wazazi ambao kwenye karatasi walikuwa na fedha na dukani hawakuweza kununua viatu vya shule. Anayebanwa kabla ya msimu huuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, kwa bei ya hasara, ili apate ya leo. Kama unataka kupima ugumu wa nyumba, uliza kama waliuza kwa kangomba mwaka uliopita na kwa ajili ya nini. Hilo linakupa picha kuliko tarakimu yoyote ya kipato ambayo mtoto ataibuni ili akuridhishe. Uliza kwa upole lakini, na usiandike majina, kwa sababu biashara hiyo imepigwa marufuku.

Mama_Mwanafunzi alijibu:

Nimesoma michango yote kwa makini na nina ombi moja kwa mwanafunzi huyu: usiandike kwamba wazazi hawana mwamko kwa sababu tu hawakuja kwenye kikao. Vikao huitwa siku za kazi, na mara nyingi ajenda inayotuhusu sisi ni mchango wa chakula cha mchana, kwa kuwa ada iliondoka lakini chakula, sare, madaftari na nauli vilibaki kwetu. Asiye na mchango huona haya kuja kusemwa mbele ya majirani.

Mimi niliishia darasa la saba. Sijui kemia, ila kila jioni namtaka binti yangu anisomee kwa sauti alichoandika siku hiyo na kunieleza kwa Kiswahili, na asipoweza kunieleza najua hajaelewa, namwambia kesho amuulize mwalimu. Wadogo zake nimewagawia kazi za jikoni ili yeye apate nafasi kabla giza halijaingia. Katika dodoso lako, mimi na mama ambaye hafanyi hivyo tumepewa alama moja, "elimu ya msingi".

Mwanachuo_Kusini alijibu:

Nawashukuru sana, hasa mjomba na mama. Nimeondoa swali la kazi ya baba na la kipato kwa mwezi. Badala yake nimeweka maswali ya nani anayefuatilia masomo, ratiba ya jana kuanzia kuamka hadi kulala, mahali anapolala mwanafunzi siku za shule, na namna fedha ya sare ya mwaka huu ilivyopatikana. La kangomba nitaliuliza kwa mdomo, kwa wazazi wachache watakaokubali. Nitaanza na orodha ya kidato cha kwanza kama nilivyoshauriwa, ingawa itaniongezea kazi ya kuwatafuta walioacha.

Jambo moja bado linanitatiza. Ratiba ya jana inategemea siku nitakayofika, na kibali changu kikichelewa huenda nikafika shuleni Agosti, wakati hakuna anayeokota korosho.

Mwalimu_wa_Hisabati alijibu:

Agosti inakutosha kwa ratiba ya kawaida, lakini usiende Jumatatu, maana utaambulia habari za Jumapili. Kwa Oktoba na Novemba tumia daftari la mahudhurio la mwaka uliopita, ambalo lipo kwa kila mwalimu wa darasa, uhesabu siku alizokosa kila mwanafunzi wiki kwa wiki. Omba ruhusa ya kuliona ndani ya barua yako ya kibali tangu mwanzo, kwa sababu wakuu wa shule wengi hawatakupa kwa maneno matupu. Ukikuta mahudhurio ya Oktoba yamejaa alama za kuwepo kwa kila mtoto, bila hata mmoja aliyekosa, muulize mwalimu huyo taratibu mkiwa wawili.